Nilivyoandika maisha ya Jaji Joseph Dubuc kwa Kiswahili

Nilipohamia Saint-Boniface, ng'ambo ya Mto Red mjini Winnipeg, jimbo la Manitoba, Kanada, nilishangaa kusikia Kifaransa, lugha niliyosomea Bukavu, kikizungumzwa dukani na kanisani katika jimbo ambalo wakazi wake wengi huzungumza Kiingereza. Hamu ya kujua kilivyosalimika ndiyo iliyonifikisha kwa Joseph Dubuc, na majira ya baridi yaliyopita niliamua kuandika maisha yake kwa ajili ya wenzangu wa jumuiya yetu ya sala.

Rasimu ya kwanza haikunisumbua. Dubuc alizaliwa mwaka 1840 Sainte-Martine, Quebec, akasoma Montreal pamoja na Louis Riel, akawa wakili, na mwaka 1870, jimbo la Manitoba lilipoundwa baada ya Riel na Wametisi wenzake, watu wa asili mchanganyiko ya wenyeji na Wazungu, kusimama kudai haki zao, akahamia huko. Desemba ya mwaka huohuo alichaguliwa kuingia katika baraza la kwanza la kutunga sheria, lililokuwa na wajumbe 24. Baadaye akawa Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Spika, mbunge wa Provencher katika bunge la Kanada, na mwaka 1879 jaji.

Nilimpa kurasa hizo mzee mmoja wa Uvira ambaye zamani alikuwa karani wa mahakama. Alizisoma kimya hadi mwisho, akavua miwani, akasema, "Mwanangu, umeniandikia vyeo. Mtu mwenyewe yuko wapi?"

Yalinichoma maneno hayo, kwa kuwa yalikuwa kweli. Nilirudi maktaba, nikaacha kufuata vyeo, nikatafuta siku moja ambayo Dubuc alilazimika kuamua jambo lililomgusa mwenyewe. Niliipata katika kesi ya mwaka 1891, Barrett dhidi ya Jiji la Winnipeg.

Baraza la kwanza lilianza vikao vyake Machi 1871 katika nyumba ya mfanyabiashara Bannatyne, kwa kuwa jimbo halikuwa na jengo la bunge. Mwaka huo lilipitisha sheria ya elimu iliyogawa bodi ya shule nusu kwa nusu kati ya Wakatoliki na Waprotestanti. Mwaka 1890 mgawanyo huo ulifutwa, na Wakatoliki wakatakiwa kulipa kodi ya shule za serikali hata kama watoto wao walisoma kwingine. Barrett, mlipa kodi Mkatoliki, alipinga. Mahakama ya Manitoba ilipoamua dhidi yake, jaji mmoja alitofautiana na wenzake, naye ni Dubuc, aliyekuwa mjumbe wa baraza lile la 1871. Wapo watakaosema asingepaswa kuisikiliza kesi hiyo. Mimi naona ugumu huo hasa ndio unaotuonyesha mtu.

Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa neno moja. Sheria iliyounda Manitoba ililinda haki za shule za madhehebu ambazo watu walikuwa nazo kwa sheria au kwa kile ambacho Kiingereza hukiita "practice", nami nilishindwa kukitaja kwa Kiswahili. Kabla ya 1870 hapakuwa na sheria yoyote ya shule pale Red River, makazi yaliyokuja kuwa Manitoba; Wakatoliki waliendesha shule zao tu, kwa karo na kwa msaada wa kanisa, kwa hiyo kesi yote ilining'inia kwenye neno hilo. Kwanza niliandika "desturi", lakini nilipolisoma kwa sauti nikasikia mahari na matanga. Jioni nzima nilikaa nalo mezani, nikaandika na kufuta, mpaka nikaandika "mazoea": kile ambacho watu hukifanya siku zote bila kuamriwa na mtu.

Hapo ndipo niliandika upya yote, nikianza na majaji watatu mahakamani, kisha nikarudi nyuma hadi nyumba ya Bannatyne. Mahakama Kuu ya Kanada ilimpa Barrett ushindi mwaka huohuo wa 1891, lakini mwaka 1892 Baraza la Faragha mjini London, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa kwa makoloni ya Uingereza, likautengua ushindi huo, na msimamo wa Dubuc ukashindwa. Yeye alibaki kwenye kiti chake, akawa Jaji Mkuu mwaka 1903, akafariki Januari 1914.

Mzee aliisoma rasimu ya pili akiwa na penseli mkononi. Hakusema lolote kuhusu vyeo. Alinionyesha ukurasa wa tatu, ambako "desturi" moja ilikuwa imebaki.