Limonedi ya rangi tatu (ya kwanza ilitoka tope)

Mwenzenu joto la siku hizi limenishinda, yaani unatoka kuoga na kabla hujamaliza kujifuta maji jasho lishaanza, sa juzi kati nikasema hapana, wikiendi hii watu wanakuja kwangu na mi nawatengenezea limonedi yenye kilevi ndani, ile ya rangi rangi tunayoionaga kwenye mapicha, chini rangi ya chungwa, katikati njano, juu nyekundu, kila rangi imetulia kwake kama imepangishwa chumba. Nikajiambia si ni limau na matunda tu, ugumu uko wapi hapo. Kumbe!

Jaribio la kwanza nilichukua embe, stroberi, buluberi, mnanaa kiganja kizima, malimau mawili nikayakata vipande na maganda yake na mbegu zake, vyote nikatupia kwenye blenda, vodka juu yake, nikawasha. Jamani kilichotoka humo ni rangi ya maji ya kuoshea miguu ya mtu katoka kulima. Afu chungu! Dada yangu mkubwa ambaye alikuwa amekuja mapema "kunisaidia" (kukaa jikoni na kuongea ndo msaada wake) alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akaniuliza, "We mdogo wangu, hii dawa inanywewa kabla ya kula au baada?" Nikamwaga yote kwenye sinki, na vodka yangu humo humo, roho iliniuma siku nzima.

Ila nilichojifunza pale ni kwamba makosa yalikuwa mawili tu na yote ya uvivu. La kwanza, nyekundu ukiichanganya na kijani na njano unapata kahawia, hata mtoto mwenye rangi za maji anajua hilo, kwahiyo kila rangi inabidi ikae kwenye chombo chake mpaka dakika ya mwisho, zikutane kwenye glasi tu. La pili, ule uchungu ulitoka kwenye ile nyama nyeupe ya ganda na kwenye mbegu, blenda ikizisaga basi umekwisha, hata uweke sukari kilo.

Sa tuanze na shira maana bila shira hakuna kitu hapa. Kuna watu wanamwaga sukari moja kwa moja kwenye jagi la maji baridi afu wanakoroga mpaka mkono unakufa ganzi, na bado ukifika mwisho wa glasi unakutana na mchanga wa sukari umetulia chini, kwasababu maji ya baridi hayayeyushi sukari kirahisi kama ya moto. We weka kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji kwenye sufuria, moto mdogo, koroga mpaka usione chembe, zima, acha ipoe. Basi.

Lakini kama una muda (na mi siku ile nilikuwa nao maana ndo naanza upya) kuna kitu cha kufanya kabla. Malimau usiyakamue kwanza, yamenye lile ganda la juu kwa kile kimashine cha kumenyea viazi, menya ile njano tu nyembamba kama karatasi, ile nyeupe iache huko huko kwenye tunda. Hayo maganda yaweke kwenye ile sukari ikiwa bado kavu, yaminye minye na vidole kama unafua leso, funika, nenda kafanye mambo yako kwa masaa mawili au matatu. Ukirudi utakuta sukari imelowa yenyewe bila wewe kuweka hata tone la maji, na ukifunua tu harufu inakupiga usoni mpaka unafumba macho. Yale ni mafuta ya ganda yamevutwa na sukari, na harufu ya limau kwa kiasi kikubwa inakaa humo kwenye ganda, sio kwenye maji yake kama nilivyokuwa nadhani miaka yote. Hapo sasa mimina kikombe chako cha maji ya moto, koroga, chuja. Mi saivi shira ya kawaida naiona kama imepungukiwa kitu.

Maji ya limau yenyewe, yatoe malimau friji mapema yasiwe ya baridi, yaviringishe mezani ukiyakandamiza na kiganja, utaona yanalainika, ndo ukate ukamue. Yangu 7 yalinipa kikombe kimoja hivi, ml 250. Na kamua siku ile ile, yakilala yanakuwa na ladha ya kuchoka. Kwenye jagi nikaweka hicho kikombe kimoja cha limau, kikombe kimoja cha shira, vikombe vitatu vya maji ya baridi, na chembe ya chumvi, usinicheke, ni kidogo sana ya kushika na vidole viwili, wala husikii chumvi ila uchungu unapungua. Onja. Isikutishe ikiwa tamu kidogo kuzidi unavyopenda, kwasababu kitu kikiwa cha baridi sana ulimi hausikii utamu vizuri, afu bado barafu itayeyuka humo. Hilo jagi linatosha glasi sita bila kubaniana.

Haya, rangi. Siri ya zile rangi kukaa mbalimbali ni uzito tu, hamna uchawi wowote. Chenye sukari nyingi ni kizito kinazama, kisicho na sukari kinaelea, na pombe ndo nyepesi kabisa, mililita 100 za maji zina gramu 100 lakini mililita 100 za vodka ya asilimia 40 ni kama gramu 95 tu, kwahiyo yenyewe siku zote inatafuta kukaa juu. Ukishalielewa hilo unaweza kupanga rangi unavyotaka. Kwa chini mi nilisaga embe na vijiko vinne vya shira nikalichuja ili nyuzi zisije zikakwama kwenye mrija, likatoka zito linang'aa. Stroberi pia inafaa kukaa chini, hata pasheni, ila nanasi mi silipendi kwa kazi hii, ukilisaga linatoa povu jingi na povu linapanda juu linaharibu mandhari yote. Kwa juu nikaloweka maua makavu ya rosela kwenye maji ya moto dakika 10, bila sukari kabisa, narudia, bila sukari, nikayachuja nikayapooza friji, nikachanganya na vodka. Hiyo ndo nyekundu yangu.

Sasa kumimina. Glasi iwe ndefu. Vijiko vitatu vya embe chini, afu jaza barafu mpaka mdomoni kabisa, usibane, ile barafu ndo inayokata kasi ya vinavyomwagwa. Limonedi imwage polepole juu ya barafu mpaka robo tatu ya glasi. Hapo chukua kijiko, kigeuze mgongo juu, kiguse barafu ya juu, na ile nyekundu imwagie kwenye mgongo wa kijiko kama uzi mwembamba, hapo hata kupumua usipumue. Utaona inatambaa juu ya njano, kuna vidole vidole vyekundu vinashuka chini kama mizizi, vinafika katikati vinasita, afu vinaanza kurudi juu vyenyewe. Nilipoona vile mara ya kwanza nilipiga kelele mpaka dada akaja mbio akidhani nimejikata. Glasi ya kwanza kiukweli niliiharibu, niliwahisha mkono, ikawa rangi moja, tukainywa hivo hivo tukiwa tumesimama.

Kuna na yale maua makavu ya bluu ya kutengenezea chai, kama unayapata usiyaache. Yaloweke kama rosela, maji yanakuwa bluu kama wino wa shule, na ukiyaelekeza juu ya limonedi kwa staili ile ile ya kijiko, pale bluu inapogusana na limau inageuka zambarau mbele ya macho yako, na ukikoroga inakuwa pinki. Sababu ni ile rangi ya asili iliyomo inayoitwa anthosayanini, yenyewe inabadilika kulingana na ukali wa kitu inachokutana nacho, na limau ni kali haswa. Rosela nayo inayo hiyo rangi ndo maana ukiitonesha limau inazidi kuwa nyekundu ya kuwaka. Hata kabichi ya zambarau inayo. Najua kwasababu nilijaribu, maana maua ya bluu yaliniishia na ubishi ninao. Rangi ilitoka nzuri ajabu. Ila ukileta glasi karibu na pua unasikia kabichi, na hakuna vodka duniani ya kuificha kabichi.

Kuhusu pombe yenyewe mi natumia vodka kwasababu haina maneno mengi, inaacha matunda yaongee. Jini nalo linakubali (la chupa jamani, sio lile la kukutokea usiku), lina harufu ya mitishamba inayoelewana na limau, na ramu nyeupe ukiweka embe chini inapendeza. Chupa ilaze friza tangu jana yake, haitaganda, friza ya nyumbani ni kama nyuzi 18 chini ya sifuri na pombe ya asilimia 40 inahitaji baridi zaidi ya hiyo. Kipimo changu ni ml 45 kwa glasi, yaani vijiko vitatu vya chakula, sio zaidi, na ninasema hivi kwasababu utamu na limau vinaificha pombe vizuri mno, mtu anapiga glasi tatu anadhani anakunywa juisi, anakuja kushtuka akisimama. Kwahiyo waambie watu mapema kuna nini humo, na mwenye kuendesha mpe ile isiyo na kitu. Kuitengeneza hiyo ni rahisi, ni kila kitu kile kile ila rosela yako unaiacha peke yake bila vodka, bado inaelea kwasababu haina sukari. Watoto wanaipenda kuliko wakubwa. Na jagi lao liwe tofauti kabisa, ikiwezekana hata umbo, usije ukachanganya.

Barafu weka vipande vikubwa, vidogo vinayeyuka haraka na glasi inakuwa maji maji. Au zabibu zigandishe friza siku nzima utumie badala yake, ama tikiti maji la vipande vya mraba, hivyo hata vikiyeyuka vinaacha ladha. Wanaopenda gesi wanaweza kubadilisha nusu ya maji wakaweka maji ya soda, yawe ya baridi sana maana ya vuguvugu gesi inakimbia yote, ila mapovu yanakoroga rangi zako, kwahiyo chagua moja, mapovu au rangi. Mi nilichagua rangi. Mnanaa usiusage kama nilivyofanya mimi mshamba, chukua kitawi upige makofi mara moja katikati ya viganja, harufu itoke, chomeka juu.

Kitu kingine kabla sijasahau, na hiki kimenipata mwenyewe. Siku ile malimau yaliniishia nikaongezea ndimu, na kwakuwa ndani joto lilizidi nikatoka nje kukamulia huko juani, maji yakanichuruzika mkono mpaka kwenye kiwiko, nikajipangusa na kitambaa nikaendelea na shughuli. Kesho kutwa yake mkono una mabaka mekundu yanawaka kama nimemwagikiwa na uji wa moto, yakaja kuwa meusi, na mpaka leo naandika bado kuna alama. Kumbe ndimu na limau vina kitu kwenye maji yake na ganda lake ambacho kikikaa kwenye ngozi afu jua likapiga, ngozi inaungua, na ndimu ndo mbaya zaidi. Kwahiyo kamulia ndani, nawa na sabuni mpaka kwenye kiwiko, ndo utoke ukajidai na glasi yako.

Basi jioni wageni wakaja. Nikapanga glasi sita kwenye sinia, kila moja imenichukua kama dakika tano, zimesimama hapo chungwa njano nyekundu na mnanaa juu kama zimechorwa, nikazileta nje natembea kama nimebeba mayai kichwani. Watu wakaguna, "aah jamaniii", simu zikatoka, picha tatu nne. Afu kila mmoja akashika mrija wake akakoroga. Wote! Sikumaliza hata kusema ngojeni, ndani ya sekunde tatu upinde wa mvua wangu wote umegeuka ile ile rangi ya sinki. Dada yangu akainua yake juu akaiangalia kwenye mwanga, akavuta mrija muda mrefu mpaka barafu ikalia, akasema, "Tope ni lile lile la juzi mdogo wangu, ila hili niongezee."