Betri zimo kwenye rimoti

Alhamisi iliyopita, baada ya magharibi, nilikuwa juu nasahihisha madaftari nikasikia ukelele chini kwa wapangaji. Si wa mtu. Ni wa kile kidude cheupe, kengele ya moshi, nilichokibandika darini kabla ya Ramadhani. Nikateremka mbio na khanga begani. Watoto wote watatu wako barazani wameziba masikio, na mama yao yuko ukumbini na mpini wa ufagio anakigonga. Katikati ya mkeka, chetezo kinafuka udi.

"Mwalimu, hichi kitu chako kina shetani," akaniambia. "Hakitaki udi!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Tukafungua mlango wa uwani, upepo ukapita, kikanyamaza. Jumamosi nikashuka kukijaribu. Nabonyeza, kimya. Nabonyeza tena, kimya. Nikapanda kigoda nikakifungua: betri hamna. Zimo kwenye rimoti ya televisheni.

Sikugombana naye, maana mie pia nimeshakuwa mpangaji, na niliyajua haya mambo kwa kufunzwa.

Septemba 2022 nilikwenda Leicester kusoma mwaka mmoja. Mimi na mwenzangu wa Mombasa tulipanga kinyumba chenye ghorofa moja juu. Siku ya kupewa funguo, mwenye nyumba, kabla hata hajatuonyesha choo kiko wapi, alishika fimbo akabonyeza kengele ya moshi ya chini, kisha akapanda akabonyeza ya juu. Zikalia. Akatutilisha saini kwamba tumezisikia. Tulipobaki wenyewe tukatazamana: huyu mzee vipi?

Kumbe ni sheria. Tangu 1 Oktoba 2015, mwenye nyumba ya kupangisha England anatakiwa aweke kengele ya moshi angalau moja kwenye kila ghorofa yenye chumba cha kukaliwa, na ahakikishe zinafanya kazi siku ya kwanza mpangaji anapoingia. Baraza la mji likimwandikia arekebishe naye akapuuza, faini inaweza kufika pauni 5,000. Baada ya siku hiyo ya kwanza, wa kubonyeza kila mwezi ni mpangaji, na betri ikichoka anabadilisha yeye. Ikiwa ametia betri mpya na kengele bado bubu, anamwarifu mwenye nyumba. Wiki chache baada ya sisi kuingia, 1 Oktoba 2022, sheria ikakazwa: mwenye nyumba akishaarifiwa, lazima atengeneze au alete nyingine. Na chumba chenye chombo cha kudumu cha kuchoma mafuta, gesi au kuni, jiko la gesi la kupikia halihesabiwi, kiwekwe kengele ya pili, ya hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Sisi tulikuwa na mtambo wa gesi wa kuchemsha maji kabatini, kwa hiyo mzee akaja na fimbo yake tena.

Hiyo kengele ya pili ndiyo iliyonirudisha nyumbani. Desemba 2009 mpaka Machi 2010 Unguja tulikaa bila umeme, waya wa chini ya bahari umekufa. Marehemu baba alinunua jenereta, na kwa kuogopa wezi akaliweka ndani, kwenye ujia wa kutokea uwani. Usiku ule vichwa vilituuma sote, mdogo wangu akatapika. Baba akasema ni joto. Asubuhi akalitoa nje kwa sababu ya makelele tu, na mimi mpaka Leicester, miaka kumi na mbili baadaye, ndiyo nikaelewa tulichokipumua. Hewa ile haina rangi wala harufu, na seredani ya mkaa iliyofungiwa chumbani inaitoa vilevile. Kengele ya moshi haiijui. Wala haiijui gesi inayovuja kwenye mtungi. Haya sikuwa nimemwambia mpangaji wangu hata neno.

Ndiyo nikasema kosa nusu ni langu, na pengine zaidi ya nusu. Nyumba hii ya Kikwajuni ametuachia baba, chini nimepangisha, juu naishi. Kengele nilirudi nazo kwenye sanduku mwaka 2023, mbili, na nyuma zimeandikwa mwaka wa kuzitupa, kwani zikishatimiza miaka kumi si za kuaminika tena. Moja nikaibandika chini, hatua mbili kutoka mlango wa jiko, kwa sababu msumari wa zamani ulikuwepo pale pale! Ndani yake mna mwanga mdogo; moshi ukiingia, mwanga unatawanyika, kidude kinapiga kelele. Hakijui kama moshi ni wa godoro linaloungua, wa udi, au wa kachori zinazokaangwa saa kumi na moja za Ramadhani. Vumbi na wadudu pia vinakichezea. Mwezi mzima wa mfungo yule mama alikuwa anakipepea kwa kipepeo cha jiko huku anakaanga, asiniambie, kwa adabu tu.

Jumapili tukakaa barazani, mie, yeye na mumewe, kwa kahawa na kashata. Nikaleta mkataba wetu, ule tuliotia saini mbele ya sheha. Una habari za kodi, bili ya maji, na marufuku ya kufuga mbuzi. Moto haumo. Nikawaambia tuongeze karatasi, na nikaanza kama walivyonifunza Wazungu: mie nimeweka, nyie mtanunua betri.

"Mwalimu," akasema yule mama, taratibu, "nyumba yako, kidude chako, betri ninunue mie?"

Mumewe akatazama kahawa yake. Mie nikatafuta jawabu nisilipate. Mtu anayehesabu senti za mwisho wa mwezi, betri mbili akiziona zimekaa darini bure na watoto wanalilia katuni, atazipeleka kwenye rimoti. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo. Basi tukaandika: betri ni zangu, kubonyeza ni kwake, kila mwezi unapoandama. Hilo la mwezi mwandamo amelitoa yeye, tarehe za Kizungu anasema humpita. Kikilia ovyo, aniite, asikifungue. Kikifa, mie nina siku tatu.

Mumewe, ambaye muda wote alikuwa kimya, ndiye aliyeuliza swali la maana: "Kikishatuamsha, tunatokea wapi?"

Madirisha ya chini yote yana nondo. Mlango wa mbele wanaufunga kwa kufuli kwa ndani, na ufunguo analala nao chini ya mto. Mlango wa uwani una komeo nililolitia mwenyewe, limeota kutu, usiku ule wa udi tulilisukuma watu wawili. Nimekaa nyumba hii tangu nazaliwa na sijapata kufikiri hivyo. Jumatatu nikamwita fundi, komeo limebadilishwa kwa gharama yangu, na ufunguo wa mbele sasa unaning'inia msumarini ubavuni mwa mlango, mbali na dirisha, mahali ambapo mtoto mkubwa anaufikia. Tumemjaribu gizani. Alichukua muda kidogo maana alikuwa anacheka.

Kengele yenyewe nimeihamisha kwenye ujia wa vyumba vya kulala, katikati ya dari, mbali na taa na ukuta. Jikoni panafaa ile inayosikia joto badala ya moshi. Nimemwagizia mwenzangu wa Mombasa anayerudi mwezi ujao. Alhamisi hii udi umefukizwa kama kawaida na hakuna aliyekimbia.

Jana saa sita za usiku simu ikaita kidogo, ujumbe wa sauti. "Mwalimu, samahani kukuamsha. Hichi kitu kinalia kama kifaranga kilichompoteza mamaake, kila baada ya dakika. Sijakigusa."

Betri za dukani nilizonunua kwa haraka, nadhani zilikuwa zimelala jua. Maduka yamefungwa. Nikapapasa juu ya kabati, nikaitoa rimoti yangu, nikashuka nayo.