Jipu Lililopumua

Mwaka wangu wa kwanza wa udaktari nilimwandikia mama mmoja antibayotiki za kutibu majipu, nikamwambia arudi baada ya siku tano. Alirudi siku ya nne.

"Daktari," alisema, akiketi upande, "kuna kitu kinacheza humu ndani. Usiku kinanichoma kama sindano, halafu kinatulia."

Majipu yalikuwa matano, yamejipanga kiunoni pale pale unapokaa mpira wa nguo ya ndani. Mara ya kwanza niliyapitishia macho tu. Sasa nikavuta taa. Kila moja lilikuwa na kitundu katikati, kinachuruza majimaji yenye damu. Nikasubiri bila kugusa. Katika kitundu kimoja kikachomoza kitu cheupe, kikatoa kapovu, kikazama tena.

"Mama, ulisafiri karibuni?"

"Nimerudi wiki iliyopita kutoka Ghana, kwa binti yangu."

Swali hilo nilipaswa kuanza nalo. Nikamuuliza nguo alizianika wapi. Kwenye nyasi, nyuma ya nyumba. Alizipiga pasi? "Za nje ndiyo. Za ndani nani anazipiga pasi?"

Basi nikamweleza. Nzi aitwaye tumbu, Cordylobia anthropophaga, hutaga mayai kwenye mchanga au kwenye nguo zenye unyevu. Yakianguliwa, buu hupenya ngozi bila mtu kuhisi, akakaa humo siku 8 hadi 12 akinenepa. Joto la pasi huyaua mayai hayo. Buu hupumua kwa upande wa mkia, ndiyo maana kile kitundu hakizibi, na dawa ya bakteria haimfanyi kitu.

Nilipaka mafuta mazito ya mgando juu ya kila kitundu. Baada ya muda wakaanza kujisukuma nje wakitafuta hewa. Nikaminya taratibu pande zote mbili, mmoja mmoja, nikihakikisha ametoka mzima. Watano. Mama aliniomba niwahesabu tena kwenye sahani, nikawahesabu. Nikasafisha vidonda, nikamuuliza kuhusu chanjo ya pepopunda, nikamwambia nguo zote za kwenye begi zipigwe pasi, mishono hasa.

Alikuwa ameshafika mlangoni aliposimama ghafla.

"Nepi za mjukuu wangu zinaanikwa pale pale."

Akaanza kupekua mkoba akitafuta simu. Nikamwambia akae, apigie hapo hapo. Mgonjwa aliyefuata angesubiri.