Kabla hujanunua nyumba ya geti na eka zake Luwero

Dalali akikupeleka kuona nyumba pande za Bombo au Wobulenzi, atakuonyesha geti, kisha sebule, kisha bafu lenye vigae. Shamba la nyuma ataliashiria kwa mkono tu: "Inafika kule kwenye miembe." Basi anzia kule kwenye miembe. Nyumba mbovu fundi ataitengeneza, lakini eka mbili zenye mpaka wa kubahatisha au watu wenye haki juu yake zitakupeleka mahakamani miaka.

Luwero iko Buganda, katikati ya Uganda, kwa hiyo mara nyingi utakutana na mailo, umiliki uliotokana na Mkataba wa Buganda wa 1900. Kwenye mailo mmoja anaweza kuwa na hati na mwingine akawa na kibanja papo hapo, yaani haki ya kukaa na kulima kwenye ardhi ya mwenye hati, wote kihalali. Mwenye kibanja humlipa mwenye hati busuulu, yaani kodi ya ardhi ya kila mwaka, na kama alikaa pale bila kupingwa miaka 12 au zaidi kabla ya Katiba ya 1995, sheria inamlinda. Hati ikihamia jina lako, haki yake inabaki vilevile. Tena mwenye hati akitaka kuuza, anapaswa kumpa huyo nafasi ya kwanza ya kununua.

Kwa hiyo usidanganywe na ukuta. Wapo wanaozungushia ukuta sehemu isiyo na watu na kuacha vibanja nje, ilhali hati inavijumuisha vyote. Unaponunua hati hiyo, unanunua na hao majirani. Wapo pia wanaokuuzia nyumba nzuri kabisa iliyojengwa juu ya kibanja, bila hati, ila karatasi ya makubaliano yenye muhuri wa LC1, yaani baraza la kijiji. Uliza bila kuzunguka: "Unaniuzia hati au kibanja?" Kibanja si haramu kukinunua, lakini bei yake ni nyingine, na mwenye ardhi lazima akubali kwa maandishi kabla hujatoa hata shilingi. Na kama wewe ni Mkenya au Mtanzania, mailo na frihodi (umiliki wa kudumu) hazikuhusu: asiye raia wa Uganda anaruhusiwa lizi tu, yaani kukodi ardhi kwa muda, isiyozidi miaka 99.

Omba nakala ya hati. Ya mailo ina namba ya bloku na ploti. Ya frihodi au lizi hutambulika kwa voliyumu na folio. Peleka namba hizo ofisi ya ardhi ya kanda, lipa ada, upate ripoti rasmi inayoonyesha jina la mmiliki, ukubwa, rehani ya benki na kaveati (zuio la mtu anayedai haki juu ya ardhi) kama zipo. Linganisha jina na kitambulisho cha taifa cha muuzaji, herufi kwa herufi. Rudia upekuzi siku moja kabla ya kulipa, maana kaveati inaweza kuingia katikati. Mmiliki akiwa marehemu, "mimi ndiye mtoto mkubwa" haitoshi: unataka barua za usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani. Na kama familia inaishi pale, mke au mume atie sahihi ya ridhaa.

Ukubwa nao una mtego wake. Hati huandika hekta, dalali huongea eka. Eka moja ni hekta 0.405, kwa hiyo "eka mbili" zisomeke karibu 0.81 kwenye hati. Ukiona 0.65, umeuziwa hewa. Mpeleke mpima aliyesajiliwa afungue mipaka kwa GPS, mawe yaonekane, majirani na mwenyekiti wa LC1 wakiwepo na kutia sahihi. Mpima awe wako, si wa muuzaji. Mwambie pia akuonyeshe barabara ya kuingilia kwenye ramani ya upimaji. Njia iliyopo ardhini lakini haimo kwenye ramani ni hisani ya jirani tu, na hisani hiyo hufungwa kwa kamba siku mkigombana.

Sasa ukuta wenyewe. Umbo la kiwanja ndilo linaloamua gharama. Eka mbili za mraba zina upande wa mita 90 hivi, mzunguko mita 360. Eka mbili hizo hizo zikiwa ukanda wenye upana wa mita 40, mzunguko unakaribia mita 485. Kwa ukuta wa mita 2.4 kwenda juu, ule mraba utameza takriban tofali 10,800 za saruji zenye uso wa sm 40 kwa 20, bado msingi, nguzo na chuma. Ndiyo maana wauzaji wengi hujenga ukuta mbele na kuweka michongoma au waya nyuma. Si vibaya, mradi bei iseme hivyo.

Ukague ukuta kwa miguu, wote, hata pale penye nyasi za kiunoni. Ufa unaoshuka ngazi ngazi kwenye viungo vya tofali maana yake msingi umezama upande mmoja. Ukuta ulioinamia nje chini ya mteremko mara nyingi umekosa matundu ya kutolea maji, na mvua za Aprili zinausukuma kutoka ndani. Nguzo zikiwa mbali mno, tuseme mita tano au sita, upepo utamaliza kazi. Geti la kusukuma pembeni lipimwe na lori: mita nne za upana ni kiasi cha chini, na reli yake hujaa matope ya maramu.

Nenda Aprili au Novemba, mvua ikiwa imekolea. Bondeni ukiona mafunjo, hapo ni kinamasi, na ukuta ulioingia humo unaweza kuamriwa ubomolewe hata kama una hati. Maji ya kunywa uyahesabu mwenyewe: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 200 za mraba, mvua ya milimita 20, ni lita 4,000 kabla ya kinachomwagika. Tangi la lita 10,000 linajaa kwa mvua tatu kama hizo, ila kiangazi cha Januari kitalikausha. Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka shimo la choo, na kiwe upande wa juu.

Ndani, gonga fremu za milango kwa kifundo cha kidole. Mlio mtupu, na mistari ya udongo ikipanda ukutani, ni mchwa. Omba pia ramani ya jengo iliyoidhinishwa na wilaya.

Pesa zipite benki, kupitia wakili wako mwenye leseni ya mwaka huu, na salio kubwa libaki hadi hati isome jina lako. Ushuru wa stempu ni asilimia 1.5 ya thamani anayoiweka mthamini wa serikali, kwa hiyo kuandika bei ndogo kwenye makubaliano hakutakuokoa. Kutakuumiza tu ukija kudai pesa zako. Siku ya kukabidhiwa, nunua Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla, kidogo mbele ya muuzaji na usome risiti kama kuna deni linalokatwa. Halafu muulize askari wa getini anadai mishahara ya miezi mingapi.