Tandiko la punda

Swali la tisa kwenye kishikwambi cha pale mapokezi, kwenye kliniki ya mgongo, lilisomeka hivi: "Je, una ganzi katika eneo la tandiko?"

Mzee akanigeukia. "Mutoto wangu, tandiko la punda? Miye sina punda." Akabonyeza Hapana.

Nilicheka. Nalisema mapema kwa sababu ndicho kinachonikera mpaka leo.

Mimi ni mkalimani, mzaliwa wa Kigoma, na sasa naishi Rock Island, Illinois. Ukivuka daraja la Mississippi unaingia Davenport, Iowa. Wengi ninaowatafsiria ni Wakongo waliopitia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, kwetu Kigoma, na wanafanya kazi zinazovunja mgongo kwelikweli: maghalani, viwanda vya nyama. Mzee huyu ni mtu wa Uvira, anakata nyama zamu ya usiku. Ameniruhusu nisimulie mradi nisimtaje jina.

Mji wenyewe una historia yake na migongo. Kairopraktiki, ile tiba ya kunyoosha uti kwa mikono mpaka usikie "tak", ilizaliwa hapo Davenport mwaka 1895. D.D. Palmer, mwanzilishi wake, alimsukuma pingili Harvey Lillard, Mmarekani mweusi aliyekuwa mtunza jengo na asiyesikia vizuri kwa miaka 17, kisha akatangaza kwamba masikio yamefunguka. Mwaka huohuo, kule Ujerumani, Röntgen akagundua eksirei. Mwanawe Palmer, B.J., alipenda mashine kupita kiasi. Mwaka 1924 alileta chombo cha kupima joto la ngozi kandokando ya uti, akadai kinaonyesha mshipa wa fahamu uliobanwa, tena alikuwa hakiuzi, anakikodisha tu. Kwa hiyo akili mnemba ilipoingia kwenye kliniki za huku, sidhani kama kuna aliyeshtuka.

Kazi inayofanya si ya kubeza. Inapewa picha ya eksirei, na kufumba na kufumbua imeshachora mistari juu ya kila pingili, imepima pembe, imeandika namba. Kazi ya rula na penseli, lakini haichoki. Kwa mtoto ambaye uti wake unapinda, ambapo nyuzi 10 ndizo mpaka wa kuitwa ugonjwa, upimaji wa namna hiyo ni msaada mkubwa.

Kwa mzee wangu ilipaka rangi nyekundu pingili mbili za chini. Chini yake, kwa Kiswahili chake cha kubahatisha, ikaandika: "uharibifu."

"Nimeoza?" akaniuliza.

Daktari, mama wa makamo mwenye vidole kama vya mfinyanzi, akamwambia hapana, hiyo ni mvi ya ndani. Alisema kweli. Mwaka 2015 watafiti walikusanya vipimo vya watu zaidi ya 3,000 wasiokuwa na maumivu yoyote ya mgongo. Diski zilizochakaa, yaani zile pedi laini kati ya pingili, zilionekana kwa asilimia 37 ya watu wa miaka 20, na asilimia 96 ya wale wa miaka 80. Rangi nyekundu haikumwambia mzee kinachomuuma. Ilimtia hofu tu.

Halafu daktari akasoma muhtasari wa kishikwambi, na hapo ndipo nilipoacha kucheka. Mzee alikuwa ameandika kiuno kinauma na miguu ina ganzi. Mashine ikapeleka kwa Kiingereza neno la pale mkanda wa suruali unapopita, na neno la unyayo. Sasa sisi tukisema kiuno kinauma tunashika wapi? Nyuma, chini ya mgongo. Na mguu wetu unaanzia nyongani mpaka vidoleni, hauna mpaka katikati. Kwa anayetafuta mshipa uliobanwa, tofauti hiyo ndiyo kila kitu, maana kila mshipa una njia yake ya kushukia.

"Mwambie anionyeshe kwa mkono," daktari akasema.

Mzee akapitisha kiganja kwenye tako, nyuma ya paja, pembeni mwa shavu la mguu, mpaka kidole kidogo. Kisha akafanya hivyohivyo mguu wa pili.

Daktari akaweka kishikwambi kifudifudi juu ya meza. "Yote miwili?" Akanitazama. "Lile swali la tandiko amelijibu vipi?"

Tandiko, kumbe, ni pale unapokalia farasi: makalio, sehemu za siri, ndani ya mapaja. Mimi ni mdogo kuliko binti zake. Niliinama, nikashusha sauti. "Baba, uniwie radhi kwa neno hili. Ukienda chooni, ukijisafisha, unasikia kama kawaida?"

Akaangalia sakafu. Muda mrefu.

"Tangu juzi, mwanangu, nikichamba sisikii maji. Na mukojo unakawia kutoka."

Nikatafsiri. Daktari hakumgusa mgongo hata kwa kidole. Akapiga simu ya dharura palepale. Hospitalini MRI, kipimo kinachoonyesha hata diski na mishipa ya fahamu, ikaonyesha diski imetoka na kukandamiza fungu la mishipa lililo mwisho wa uti, ambalo matabibu huliita kwa Kilatini mkia wa farasi. (Tandiko, mkia wa farasi. Waliotunga majina haya hawakupata kumhoji mtu wa Uvira.) Eksirei isingeonyesha kitu hicho hata ingesomwa na mashine elfu, kwa sababu inaonyesha mifupa, mishipa ya fahamu haionyeshi. Akapasuliwa usiku uleule, maana hali hiyo ikicheleweshwa mtu anaweza kubaki bila kuuzuia mkojo maisha yake yote.

Wiki iliyofuata kliniki iliniita tuandike upya swali la tisa. Nikapendekeza: "Ukijisafisha chooni, unasikia maji au karatasi kama zamani?" Kijana wa kompyuta akauliza kama si lugha ya aibu kidogo. Nikamwambia aiache hivyohivyo.

Jana mzee alinipigia.

"Maji minayasikia," akasema. "Lakini upande mumoja tu. Sasa niulizie, kazini nitarudi lini?"