Friji ya shangazi ilipoanza kuuma

Shangazi alinipigia simu jioni moja ya masika akaniambia friji yake inauma. Nikacheka. "Friji inauma vipi, shangazi?" Akanijibu, "Njoo uishike mwenyewe, mwanangu. Ila usivue viatu."

Nyumba iko Mkomani, Lamu, ya mawe ya matumbawe na chokaa, boriti za mikoko darini. Babu alimpa alipoolewa, kama ilivyo desturi kwetu binti kupewa nyumba. Stima iliingizwa miaka ambayo kisiwa kilitegemea jenereta za dizeli, na haikuwa na kazi kubwa: taa moja kila chumba, redio, na pasi siku ya Ijumaa. Leo waya zile zile zinabeba friji, feni nne, birika, televisheni, na hita ya bafuni ambayo mwanawe alimfungia alipokuja likizo kutoka Mombasa. Hita ya namna ile hula karibu wati 5,000. Gawanya kwa volti 240, unapata zaidi ya ampea 20, na yote ilikuwa ikipita kwenye waya ya milimita mraba 1.5, ambayo ni ya taa.

Hayo nimeyajua baadaye. Siku ile nilishika mlango wa friji, nikasikia kama sisimizi wanatembea kiganjani, nikatoka mbio kutafuta fundi.

Wa kwanza alikuwa kijana wa mtaani, mpole na bei yake nafuu. Aligusa friji kwa tesa, kile kifaa cha kupimia stima, taa yake ikawaka, akaguna. Akazungusha tepu kwenye waya ya plagi, kisha akaomba kipande cha mpira, akakitandika sakafuni mbele ya friji. "Sasa haitauma." Na kweli haikuuma, mradi umesimama juu ya mpira. Siku ya tatu shangazi alishika friji kwa mkono mmoja na bomba la sinki kwa mwingine. Kilichofuata alikisimulia kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wa pili alisema nyingi kabla hajafungua hata kifuniko kimoja cha soketi. Nyumba nzima ing'olewe, kuta zikatwe kwa grainda, waya zizikwe ndani, juu yake tupige saruji. Alitaka zaidi ya nusu ya pesa kabla ya kuanza. Mimi si mtaalamu wa stima, lakini nimekulia kwenye nyumba hizi. Ukuta wa chokaa hupumua. Ukiuziba kwa saruji, unyevu unabaki ndani, na baada ya mvua mbili tatu plasta inadondoka vipande vipande. Halafu kuna zidaka, vile vishubaka vya plasta vya ukutani. Nani atamruhusu mtu na grainda karibu na zidaka? Mji wa kale wa Lamu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na mtu hapasui tu ukuta kwa sababu anataka soketi. Nikamshukuru, nikampa nauli.

Wa tatu nilielekezwa na muuza samaki. Mzee wa Langoni, mfuko wake umechakaa lakini kila koleo lina mahali pake. Swali lake la kwanza halikuwa la pesa. Aliuliza nani anakaa humu siku zote, na hita huwashwa saa ngapi. Nami nikamwomba leseni. Kwa sheria zetu kazi hii ni ya mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Hakukasirika. Alitoa kadi na kitambulisho, akaviweka pamoja juu ya meza nione kama majina yanalingana.

Kisha akazima swichi kubwa. Kabla ya kuizima alikuwa ameijaribu tesa yake kwenye soketi yenye stima. Akapima pale alipozima, akarudi kuijaribu tena kwenye waya inayotoka kwenye mita, ambayo swichi yetu haiizimi. Nikamwuliza kwa nini anahangaika hivyo. "Tesa ikifa, dada, inakwambia kila mahali ni salama."

Bodi ilikuwa na fyuzi za kauri pande zote mbili, layini inayoleta stima na nyutro inayoirudisha. Hapo ndipo nilipopata elimu ambayo ningependa kila mwenye nyumba kongwe aipate. Fyuzi ya nyutro ikikatika peke yake, taa zinazima na unaamini stima haipo, kumbe layini imejaa mpaka kwenye holda inamngoja atakayetia kidole. Nikamkumbuka binamu yangu aliyewahi kurushwa na soketi "iliyokufa". Miaka yote tumesema ni jini wa nyumba.

Fyuzi ya jikoni nayo haikuwa na uzi wake. Mtu alifunga badala yake kipande kinene cha shaba. Hakikatiki hicho, hata waya za ukutani zikiyeyuka.

Mwishowe akatoa kipimo cha mega, kinachosukuma volti 500 ndani ya waya kuona kama zinavuja. Alichomoa vitu vyote kwanza, hata taa. Waya za vyumba vya juu zilisoma vizuri. Za jikoni zilisoma sehemu ndogo ya megaomu, kipimo cha jinsi ganda la waya linavyozuia stima, na zinatakiwa zisipungue 1. Alipovuta kipande kutoka nyuma ya friji, ganda la mpira lilikuwa limekauka, likavunjika kama ganda la yai, na shaba ndani imeota ukijani wa chumvi. Nayo tundu ya tatu ya soketi, ile ya waya ya ardhi inayopeleka stima iliyovuja chini ardhini, ilikuwa haikuunganishwa na chochote. Stima iliyovuja ikakaa kwenye bati la friji, ikimsubiri shangazi.

Tulikubaliana kazi kwa mafungu: jikoni na bafuni kwanza, kisha bodi, vyumba vya juu baadaye. Vifaa ninunue mimi, ufundi nilipe kila fungu likiisha na kupimwa mbele yangu. Waya mpya zipite juu ya ukuta ndani ya mifereji ya plastiki, pembeni mwa boriti, ili siku yoyote zitoke bila kuumiza chokaa. Urembo umepungua kidogo, sikatai. Shangazi alinuna wiki nzima.

Kosa langu lilikuwa dukani. Nilienda peke yangu, nikaona roli ya waya ya 2.5 kwa bei ya kuvutia, nikaibeba kwa furaha. Fundi aliinyanyua kwa mkono mmoja, akatabasamu kwa huzuni. Akamenya ncha, akaikwaruza kwa kisu: juu shaba, ndani nyeupe. Alumini iliyopakwa rangi ya heshima. Mwenye duka alikubali kuirudisha baada ya mabishano marefu, na tangu hapo sinunui kitu bila fundi kuwa pembeni.

Jikoni likapata waya ya 2.5, hita ikapewa ya 6 na breka yake yenyewe. Kwa fimbo ya ardhi aliinua jiwe moja kwenye kiwanda, yaani ua wa ndani wa nyumba, karibu na mfereji wa maji ya kuogea. Mchanga mkavu haupitishi stima vizuri, akasema, tuufuate unyevu. Kwenye bodi mpya aliweka RCD ya miliampea 30, breka inayokata yenyewe stima ikianza kupita mahali pasipo pake, mwilini mwa mtu kwa mfano. Sili ya mita hakuigusa. "Hiyo si yetu," akasema. Mwisho akachora ramani ya waya kwa kalamu, akaibandika ndani ya mlango wa bodi: nyekundu na nyeusi za zamani zinaishia wapi, kahawia na buluu mpya zinaanzia wapi.

RCD ina kitufe cha kujaribia. Shangazi anakibonyeza kila mwandamo wa mwezi, nyumba inazima yote, redio inanyamaza katikati ya kasida, anasema "alhamdulillahi, mzima" na kuiwasha tena.

Sabule, chumba cha wageni, bado. Pesa iliisha. Waya zake za zamani zimekatwa kwenye bodi na ncha zimefungwa, na wageni wakilala huko tunawapa taa ya sola. Fundi ameahidi kuja baada ya upepo wa kusi kupungua.