Kiuno cha suruali, kiuno cha daktari

Kwa fundi wa nguo, kiuno ni pale mkanda unapokaa. Kwa daktari si pale. Miaka yote niliyoshona suruali soko la Jericho, tepu yangu imepita chini ya tumbo, kwa sababu wanaume wa Nairobi hawataki kusikia namba nyingine. "Fundi, mimi ni thate siksi tangu shule," mtu anakuambia, na tumbo limeshavuka mkanda. Unaandika 36, unashusha kiuno kidogo mbele, anaondoka ameridhika. Ndiyo kazi, na sioni aibu nayo.

Daktari alinipima kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, nikiwa nimeshatoa pumzi. Sentimita 104. Suruali niliyovaa siku hiyo, niliyoshona mwenyewe, ni 36, yaani sentimita 91 na ushei. Hizo nyingine zilikuwa zinaishi ghorofani.

Lakini sikwenda hospitali kwa ajili ya tumbo. Nilipelekwa na mguu. Nikishuka matatu pale Jogoo Road na kuanza kuingia Jericho, shavu la mguu wa kulia linakaza na kuuma mpaka nasimama. Dakika mbili tatu nimesimama tu, maumivu yameisha kabisa. Naendelea, na baada ya umbali uleule yanarudi. Kituo changu kikawa mbele ya muuza viatu vya mitumba, nikijifanya nachagua raba. Sokoni kila mtu alikuwa na jibu lake: baridi yabisi, mgongo, dawa niliyotegewa njiani.

"Mzee, lazima ukae ndiyo maumivu yaishe, au hata ukisimama yanaisha?" daktari aliuliza. Nikamwambia hata nikisimama. Hapo akaachana na habari za mgongo. Alinilaza kitandani, akanifunga ule mpira wa presha mkononi, kisha akaufunga juu kidogo ya kifundo cha mguu, akapaka jeli na kusikiliza mshipa kwa kidude chenye spika. Mkono ulisoma 144. Kifundo cha kulia 98. Gawanya: 0.68. Mtu mwenye mishipa mizuri, kifundo husoma sawa na mkono au zaidi kidogo. Ikifika 0.90 au kushuka chini yake, mishipa ya mguu imekuwa myembamba na damu haifiki ya kutosha. (Kwa wenye sukari ya siku nyingi mshipa unaweza kukakamaa hadi kipimo kikapita 1.40. Usishangilie ukipata hiyo.)

Sigara sijawahi kuvuta, na sigara ndiyo mshukiwa wa kwanza kwa miguu ya namna hii. Ndipo akaomba damu ya asubuhi kabla ya chai.

Kuna mambo matano wanayoyaangalia pamoja, na ukiwa na matatu wanakuandikia jina la ugonjwa mmoja, ugonjwa wa kimetaboliki. Kiuno: kwa mwanamume wa huku kwetu mwisho ni sentimita 94, kwa mwanamke 80. Presha: namba ya juu kuanzia 130, au ya chini kuanzia 85. Sukari ya kabla ya kula kuanzia 5.6, yangu 6.3, bado hawaiiti kisukari. Mafuta yanayoitwa triglisaridi kuanzia 1.7, yangu 2.4. La tano ni kolesteroli nzuri, ambayo kwa mwanamume isiwe chini ya 1.0. Yangu 1.1. Hilo moja nililopita nilimtumia binti yangu kwa simu, naye anasomea uuguzi, akanijibu kwa alama ya kucheka.

Ni yeye aliyenisomea kwamba huko Utrecht, Uholanzi, waliwapima wagonjwa wa moyo, wa kiharusi na wa mishipa ya miguu, na hao wa miguu ndio waliokuwa na mkusanyiko huu zaidi ya wengine, zaidi ya nusu yao. Mimi nilidhani mguu na tumbo ni kesi mbili. Alivyonieleza, mafuta ya ndani ya tumbo hayakai kimya: yanamwagika kwenye ini, ini linajaza triglisaridi kwenye damu, insulini inafanya kazi maradufu kusukuma sukari ileile, na presha inapanda. Utando wa ndani wa mishipa unaumia mwili mzima. Mguu unalalamika kwa sababu wewe unautembeza. Moyo na ubongo vinapita njia hiyohiyo, na ndiyo maana wengi wenye mguu kama wangu huondolewa na moyo au kiharusi kabla mguu haujakatwa. Kwa hiyo ile dawa ya kuchua wanayouza kwenye matatu, sawa, inanukia vizuri.

Nimepewa dawa ya kushusha kolesteroli, ya kuzuia damu kuganda, na ya presha. Sukari kwenye chai nimeacha, soda pia. Chapati bado tunajadiliana. Dawa iliyonishangaza ni kutembea. Mara tatu kwa wiki, nusu saa au zaidi: tembea mpaka mguu uume kwelikweli, simama, ukiisha endelea. Nazunguka karibu na uwanja wa Camp Toyoyo asubuhi, kabla vijana hawajaujaza mipira.

Miezi imepita. Kiuno cha daktari kimeshuka na natembea mbali zaidi kabla ya kusimama, lakini kifundo kimesoma 0.70, karibu palepale. Daktari hakushtuka. Mazoezi hayazibui mshipa. Misuli ndiyo inajifunza kutumia vizuri damu kidogo inayoipata. Alichokazia ni kingine: mguu ukianza kuuma usiku nimelala, au kidonda cha kidoleni kikikataa kupona, nisingoje tarehe ya kliniki. Mama watoto alikuwa ameketi hapo na alisikia yote. Sasa kila Jumapili kabla ya kanisa ananikagua nyayo na miwani yake ya kusomea, akilalamika kuhusu kucha.